Mapenzi na Ukoo Katika Mashairi ya Pwani: Nani Alitajwa, Nani Alifichwa?

 

Kuna mjadala ambao haukosi barazani, haukosi kwenye mabweni ya chuo, na hata futari ikishaondoshwa mezani huzuka. Vijana husema: "Wazee wetu walioana bila mapenzi. Waliozeshwa tu, wakavumiliana." Wazee nao hujibu: "Nyinyi mwajua mapenzi ya nyimbo peke yake. Ndoa zenu hazifiki hata mwaka wa pili." Kila upande una hoja yake, na kila upande humwona mwenzake kapotea. Lakini wenye kubishana hivi ni nadra kwenda kwa shahidi aliyekuwepo zamani akaandika aliyoyaona. Shahidi huyo ni ushairi. Pwani yetu ina mashairi ya mapenzi ya karne nyingi, na ina mashairi ya wasia wa wazazi na watoto. Tukiyaweka pamoja tukayalinganisha, twaweza kujua ni nani mwenye haki katika ubishi huu.

Kwanza, je, yafaa?

Huenda msomaji akauliza: katika mwezi wa Ramadhan, twazungumzia mashairi ya mapenzi? Suali hili ni zuri, nalo lina jawabu ndani ya historia ya dini yetu. Mwisho wa Surat Shu'araa washairi wanakemewa wale wenye kutangatanga katika kila bonde na kusema wasiyoyatenda. Lakini aya hazikuishia hapo. Wametolewa humo wale walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Allah kwa wingi. Maana yake ushairi wenyewe si haramu, kinachoangaliwa ni unasema nini na msemaji ni nani.

Tena tunaye Kaab bin Zuhair. Huyu alikuwa mshairi aliyewatukana Waislamu, kisha akaja Madina baada ya Makka kufunguliwa, akataka amani. Alisimama mbele ya Mtume (S.A.W.) akasoma kasida yake, na kasida hiyo yaanza na mapenzi: mshairi ahuzunika kwa kuwa Suad, mpenzi wake, ameondoka. Ndiyo iliyokuwa desturi ya Waarabu, mshairi kuanza na mpenzi kabla ya kufikia jambo lake. Mtume hakumkatiza. Yasimuliwa kwamba alipomaliza alivishwa joho la Mtume mwenyewe. Na sisi tuliosoma madrasa twaijua Burda ya Imamu al-Busiri, isomwayo katika maulidi zetu. Hata hiyo yafunguliwa kwa machozi ya mtu anayekumbuka majirani awapendao, ndipo ikaingia kwenye sifa za Mtume.

Upande wa ukoo, Waarabu hao hao walikuwa na al-Khansaa, bibi wa kabila la Banu Sulaym. Ndugu zake wawili, Muawiya na Sakhr, waliuawa kabla hajasilimu, na maombolezo aliyoyatunga kwa ajili yao, hasa Sakhr, yasomwa mpaka leo. Baadaye alisilimu, na yasimuliwa kuwa wanawe wanne waliuawa mashahidi katika vita vya Qadisiyya.

Tazama tofauti hii kwa makini, manake ndiyo itakayotuongoza. Suad wa Kaab ni jina tu. Hatumjui babake wala nyumba yake, na pengine hakuwa mtu maalumu, bali ni jina la kufungulia kasida. Sakhr wa al-Khansaa ni mtu kamili, ana nasaba, ana tabia na ana kaburi. Mpenzi ni kivuli, ndugu ni mtu. Sasa twende Pwani tuone kama mambo ni hayo hayo.

Mpenzi asiye na jina

Mashairi ya mapenzi ya Waswahili yana mlango mmoja mkubwa: fumbo. Mpenzi huitwa ua, lulu, johari, tausi, njiwa, asumini. Akiondoka, chombo kimetweka. Akikataa, mnazi hauparamiki. Msikilizaji akiwa mgeni atadhani bwana huyu azungumzia bahari au shamba. Mwenyeji atacheka kichini chini, lakini hata yeye atabaki kukisia tu ni nani anayesemwa.

Katika tungo ambazo jadi yazinasibisha na Fumo Liyongo, shujaa wa pande za Pate na Ozi, mna utumbuizo mrefu wa kumsifu Mwana Manga, ukimweleza kiungo kwa kiungo. Na Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi kati ya 1776 na 1840, ambaye wengi wanamjua kwa mashairi ya siasa wakati Wamazrui wakipambana na Sayyid Said, alitunga pia mashairi ya mapenzi na ya mambo ya nyumbani. Humo mna kusubiri, mna kijembe na mna kiburi cha aliyeachwa. Mashairi yake yangepotea kabisa lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyeyakusanya kutoka vinywani mwa watu. Ndipo diwani ikapigwa chapa mwaka 1940.

Kwa nini jina lifichwe? Sababu ya kwanza ni haya na heshima. Mji ulikuwa mdogo, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na binti wa watu akitajwa wimboni huwa ametiwa doa yeye na ukoo wake. Fumbo lilikuwa buibui la maneno. Sababu ya pili ni ufundi: fumbo moja laweza kutumiwa na watu mia, kila mtu akamweka wake ndani. Ndiyo maana mashairi haya yaliimbika harusini bila kumkera mtu.

Lakini desturi hii ilivuka mpaka. Hata mke wa halali alifichwa. Mpaka leo utamsikia mzee akisema "watu wa nyumbani" au "mama watoto" akikusudia mkewe, wala hamtaji. Kwa hivyo ukitafuta katika mashairi ya kale bwana anayemwimbia mkewe kwa jina lake, utatafuta sana. Kijana akiona hivyo hukata shauri haraka kwamba hapakuwa na mapenzi ndani ya ndoa. Ngoja kwanza.

Mama ashika kalamu

Mashairi ya ukoo yana mlango mwingine kabisa. Mfano mkubwa ni Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwenyeji wa Pate, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na majeshi ya Sayyid Said. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka kama miwili baadaye, mwaka wa 1275 Hijria yaani 1858, Mwana Kupona akiwa mgonjwa wa muda mrefu alitunga beti zaidi ya mia moja kumuusia binti yake, Mwana Hashima.

Angalia anavyoanza. Hana fumbo. Amwita mtoto ajongee karibu na wino na karatasi, ana neno la kumwambia. Akishamaliza sifa za Mola na Mtume, huingia moja kwa moja: shika dini, uwe na adabu, ulimi wako uwe mkweli. Kisha amhesabia watu wa kuwaridhi: Mungu, Mtume wake, baba, mama, na wa tano mume. Halafu yaja mafunzo ya nyumbani, namna ya kumliwaza mume, kutunza nyumba, kujipamba kwa manukato na asumini. Mwisho kabisa huwaombea dua watoto wake na jamaa zake mmoja mmoja.

Watu wengi wameutumia utendi huu kama rungu. Bwana akigombana na mkewe amsomea Mwana Kupona! Na wengine, hasa dada zetu wa chuo, wameuchukia kwa sababu hiyo hiyo. Nawaomba pande zote mbili wautazame kama historia. Huu ni wasia wa mjane mmoja mgonjwa kwa binti mmoja, katika mji ulio vitani. Mumewe keshakufa, wanawe Bwana Mataka waliendelea kupigana, na Siyu ikaja kusalimu amri katika miaka ya 1860, enzi za Sayyid Majid. Mama akijua kuwa hataishi, mtoto atamwachia nani? Silaha aliyokuwa nayo ni elimu na ulimi wake. Hakuandika sharia ya kila mke wa kila zama. Alikuwa akimfunga mwanawe hirizi.

Na katikati ya wasia huo kuna jambo ambalo wengi wanalipita. Mwana Kupona amsimulia binti yake jinsi yeye mwenyewe alivyoishi na mumewe: waliishi kwa wema, hawakuudhiana, na siku ya kufa mume aliondoka akiwa radhi naye. Hayo nayo ni mapenzi, msomaji. Ni mapenzi ya mke kwa mume wake wa halali, yamesemwa waziwazi na mwanamke, miaka zaidi ya mia moja na sitini iliyopita. Tuliyakosa kwa sababu tulikuwa twayatafuta katika nyimbo, kumbe yako ndani ya wasia wa mama.

Mkate wa mama na ahadi ya ndoa

Utendi mwingine wa kulinganisha ni ule wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na visa vya kale. Humo mapenzi na ukoo vinakutana uso kwa uso.

Liyongo yuko kifungoni, amehukumiwa kuuawa. Mamake ampikia mkate wa wishwa na ndani yake atia tupa. Kwa nini wishwa? Kwa sababu walinzi mikate mizuri huila wao, wa wishwa huudharau na kumwachia mfungwa. Liyongo aomba mwisho apigiwe ngoma ya gungu, ngoma ya harusi na ya furaha. Matoazi yakilia na pembe zikivuma, yeye akata minyororo kwa tupa, wala hapana asikiaye. Basi ngoma ya mapenzi ndiyo iliyoficha sauti ya huruma ya mama. Yalifanya kazi pamoja.

Kisha yaja upande wa pili. Sultani amchukua mtoto wa Liyongo mwenyewe, amwahidi cheo na amwoze binti yake, mradi amuue babake. Kijana akubali. Amchoma babake kwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo ajikokota mpaka kisimani, apiga goti na upinde wake mkononi, akafa katika hali hiyo. Watu wakamwogopa siku kadhaa wakidhani yu hai, mpaka mamake alipokuja kumsihi. Na yule kijana hakuipata ile ndoa, alifukuzwa kwa aibu.

Kijumwa hatoi waadhi mrefu hapa, kisa chenyewe chatosha. Tamaa ya ndoa iliyokata mizizi ya ukoo haikumpa kijana mke wala baba. Na yule wa kwanza kumwokoa Liyongo na wa mwisho kumlilia ni mtu mmoja: mama. Si ajabu kwamba Kijumwa huyu huyu ana utendi mwingine, Siraji, wa kumuasa mwanawe wa kiume. Kwa hivyo si kweli kwamba ni mabinti peke yao waliousiwa.

Jina likatajwa

Karne ya ishirini ikaleta badiliko. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki 1962, alifanya jambo ambalo wa kabla yake hawakuzoea. Mkewe Amina alipofariki, alimtungia shairi na akalipa jina lake: "Amina". Hakuna ua wala lulu ya kumficha. Ni bwana anayemlilia mkewe kwa jina, mbele ya kila msomaji. Tena kwa watoto waliobaki alitunga tenzi mbili za wasia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Mapenzi ya mke na malezi ya watoto vimewekwa katika kitabu kimoja cha maisha yake. Hata hivyo, kumbuka kwamba Amina alitajwa baada ya kufa. Haya bado ilikuwa na nguvu.

Kwetu Mvita, Abdilatif Abdalla aliutumia ukoo kusema mengine. Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha kuikosoa serikali, akatoka 1972, na mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yakatoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Humo mna ndugu wawili wanaogombania mnazi mmoja, na msomaji hujua kuwa huo mnazi ni nchi. Mna pia shairi ambalo kitoto kilicho tumboni chamsihi mamake asikiue. Kabla yake, mwaka 1971 akiwa bado kifungoni, ulitoka Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, kisa cha mume na mke wa mwanzo na wazazi wa mwanzo. Kwa Adamu na Hawaa mapenzi na ukoo havitengani, manake bila wao wawili hakuna ukoo wowote.

Kwa nini tumerithi nusu?

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Ikiwa Pwani ilikuwa na hazina zote mbili, kwa nini kijana wa leo ajua nyimbo za mapenzi kwa moyo lakini hajui hata beti moja ya wasia?

Jawabu la kwanza liko kwenye umbo. Mapenzi yalitungwa kwa shairi na wimbo: beti chache, kila mshororo mizani kumi na sita, huimbika kwa dakika tano. Wasia ulitungwa kwa utendi: vipande vifupi vya mizani nane, lakini beti mia na zaidi, wahitaji mtu atulie asikilize. Siti binti Saad wa Unguja aliporekodi santuri huko Bombay mwaka 1928, wimbo wa Kiswahili ukapata miguu, ukasafiri mpaka bara. Utendi haukuingia kwenye santuri. Ulibaki sandukuni mwa nyanya.

Jawabu la pili ni maandishi. Tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Shule za wakoloni zikasomesha herufi za Kizungu, na kizazi kimoja tu kikatosha mtoto asiweze kusoma karatasi aliyoiacha bibi yake. La tatu ni lahaja. Kamati ya lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Kiamu cha Mwana Kupona kikawa kigumu hata kwa Mswahili mwenyewe.

Basi mapenzi yakatufikia kwa redio, wasia ukakwama njiani. Si kwamba wazee hawakupenda. Ni kwamba sisi tumesikia upande mmoja wa kanda.

Harusini ndiko walikokutana

Zamani mizani haikuinama hivi. Mahali pa kuyaona yote mawili pamoja palikuwa harusini. Usiku mmoja, chumbani bibi harusi yuko na somo wake na mama zake wakimfunda mambo ya ndoa. Nje wanawake wapiga vugo na kuimba mafumbo ya mapenzi. Msichana alisikia sauti zote mbili kwa masikio mawili, usiku ule ule. Hakuna aliyemwambia achague moja. Wimbo bila wasia ungekuwa upepo, na wasia bila wimbo ungekuwa mzigo.

Leo kule nje spika zatingisha mtaa mzima, na kule chumbani ni kupaka rangi na kupiga picha tu. Wa kumfunda hayupo. Na bwana harusi je? Yeye hafundwi na yeyote, nje wala ndani. Hapa ndipo hatari yenyewe ilipo, na ndipo ndoa zinapovunjikia.

Tufanyeje? Nina mawili tu. Kwanza, usiku mmoja wa mwezi huu baada ya tarawehe, jamaa wakae pamoja wasome utendi mmoja, hata beti ishirini. Kama nyanya yuko, yeye ndiye mwalimu, atueleze maneno ya Kiamu ambayo sisi wasomi wa vyuo hatuyajui. Pili, vijana wenye kipaji watunge. Tuna Wasia wa Mwana Kupona kwa binti. Nani atatunga wasia wa baba wa leo kwa kijana wake anayetaka kuoa, amweleze kumheshimu mke, kumsaidia kazi na kutomvunjia siri? Nani atamtungia mkewe shairi angali hai, asingoje kumlilia?

Atakayeona haya na akumbuke hadithi ya Amr bin al-As. Alimuuliza Mtume (S.A.W.) ni nani ampendaye zaidi katika watu, na Mtume bila kusita akamtaja Bi Aisha. Amr akauliza, na katika wanaume? Akajibiwa, babake. Alikuwa kiongozi wa umma, akizungumza na kamanda wa jeshi, na akamtaja mkewe kwa jina. Tena jibu la pili likaufuata ukoo wa huyo huyo mke: mapenzi na ukoo katika pumzi moja. Na Bi Khadija alipokuwa keshakufa miaka mingi, Mtume alikuwa akichinja mbuzi na kuwapelekea nyama rafiki zake bibi huyo.

Kwa hivyo vijana wamekosea waliposema wazee hawakujua mapenzi, na wazee wamekosea waliposema mapenzi ni adui wa nyumba. Mashairi yetu yametoa ushahidi dhidi ya wote wawili. Yaliyobaki ni kuyasoma.

Allah atujaalie nyumba zenye mapenzi na rehma, awarehemu waliotutungia na waliotuhifadhia, na azikubali saumu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.